Kioo cha Nakshi na Bafu la Kisasa

Ipo kanuni moja ya siku hizi ambayo haikuandikwa katika sheria ya nchi yoyote, lakini hutiiwa kuliko sheria nyingi zilizoandikwa. Kanuni hiyo husema kwamba chumba cha kuogea cha kisasa sharti kiwe kitupu: kuta nyeupe au za kijivu, vigae visivyo na ua, beseni lisilo na pambo, na kioo kisicho na fremu, chembamba na kinyoofu kama karatasi. Kila kitu kilichochongwa, kilichotiwa dhahabu, au kilichozidi kipimo cha kawaida, huamriwa kitoke. Kwa amri hii, kioo kikubwa cha kale chenye nakshi, ambacho pengine kimedumu katika nyumba kwa vizazi viwili au vitatu, hushushwa siku mafundi wajapo kutengeneza bafu jipya. Husimamishwa ukumbini kwa muda, uso umegeuziwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, kisha huuzwa kwa bei ya mbao.

Kanuni hii ni potovu, na upotovu wake wapaswa kuonyeshwa waziwazi. Kioo kikubwa chenye nakshi kina haki ya kukaa katika bafu lisilo na pambo. Zaidi ya hayo, bafu tupu ni mahali pake pazuri kuliko sebule iliyojaa makochi, mapazia na picha. Haki hiyo ina masharti, na masharti hayo yatatajwa bila upendeleo. Lakini kitu chenye masharti si kitu kilichokatazwa.

Wapinzani wa kioo hiki wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba kioo hakilingani na chumba: kimoja ni cha kale, kingine ni kipya, kimoja kina maneno mengi, kingine kimenyamaza. Ya pili ni kwamba nakshi ni israfu na dalili ya ushamba, na kwamba mtu aliyestaarabika hupenda vitu vilivyo wazi. Ya tatu ni kwamba maji na mvuke huharibu dhahabu, mbao na kioo, na kwamba mahali pa kuogea si mahali pa kuweka hazina. Hoja ya tatu ni ya haki na itajibiwa kwa heshima yake. Hizo mbili za kwanza zimepewa heshima isiyo yao.

Yafaa kuanza na ya pili, kwa kuwa ndiyo mama wa kanuni yote. Fikra hii haikuzaliwa Afrika Mashariki. Msemaji wake mashuhuri alikuwa Adolf Loos, mjenzi wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1870 na kufa mwaka 1933. Mwaka 1898 aliandika makala ya kuwasifu mafundi wa mabomba, akiwalaumu watu wa nchi yake kwa kutojali chumba cha kuogea kama walivyokijali watu wa Uingereza na Marekani. Katika lawama hiyo alikuwa na haki, kwa sababu maji safi katika nyumba ni neema isiyobishaniwa. Lakini katika miaka iliyozunguka 1910 alitoa hotuba iliyopata sifa kubwa zaidi, ambayo jina lake laweza kufasiriwa Nakshi na Jinai. Humo alidai kwamba kadiri ustaarabu unavyopanda ndivyo nakshi inavyoondoka katika vitu vya matumizi. Kwa mfano wake alimchukua Mpapua achoraye mwili wake, mashua yake na kasia lake. Mpapua alisamehewa, kwa kuwa alihesabiwa kama mtoto. Lakini mtu wa kisasa afanyaye kama yeye aliitwa mhalifu au mtu aliyeharibika.

Msomi wa Afrika ana wajibu wa kuitazama ngazi hii vizuri kabla ya kuipanda. Katika daraja yake ya chini wamewekwa watu wote wachongao, wasukao, wachorao na watiao nakshi. Katika daraja yake ya juu amewekwa bwana wa Vienna katika koti lisilo na pambo. Asemaye leo kwamba nakshi ni ushamba huenda hajapata kulisikia jina la Loos, lakini anarudia hukumu yake, na katika hukumu hiyo babu yake mwenyewe ndiye mshitakiwa. Mchonga milango wa Unguja, msusi wa mikeka ya rangi wa Pemba na mchonga vinyago wa Kimakonde wote husimama kizimbani pamoja na Mpapua. Hicho ni kitu kizito kuliko suala la kioo. Mtu aweza kupenda ukuta mtupu kwa sababu macho yake yanapumzika hapo, na hapana wa kumlaumu. Lakini akiupenda kwa sababu amefundishwa kuwa nakshi ni utoto wa binadamu, basi haukupenda ukuta. Ameuogopa utoto aliosingiziwa.

Tena Loos mwenyewe hakuishi kwa ukali wa hotuba yake. Mwaka 1908 alitengeneza baa ndogo katika Vienna, chumba ambacho eneo lake ni mita za mraba 27 hivi. Humo alitumia marumaru, mbao nyekundu za mahogani na shaba, na juu ya usawa wa macho akaweka vioo ili dari ionekane kwamba inaendelea kupita kuta. Vioo hivyo havina nakshi, hilo ni kweli. Lakini havikuwekwa ili mtu achane nywele, maana hakuna mgeni awezaye kujiona ndani yake. Viliwekwa ili chumba kidogo kipate upana wa kuazima, na ili macho yafurahi. Basi mpiganaji mkuu wa utupu alijua kwamba jicho lina njaa yake, na akailisha. Alibadilisha chakula tu.

Ilikuwapo katika hotuba yake hoja moja yenye nguvu, nayo haifai kufichwa. Alisema kwamba nakshi hula jasho la mfanyakazi, na kwamba kitu kilichopambwa kwa mtindo wa mwaka huu hutupwa mwaka ujao kikiwa bado kizima, hivyo kazi na mali hupotea. Hoja hii ni ya kweli mara nyingi. Lakini inapowekwa mbele ya kioo cha kale, hugeuka na kumpiga aliyeileta. Jasho la kioo hicho limekwisha kutoka. Mti ulikatwa zamani, mchongaji alilipwa au alidhulumiwa zamani, na dhahabu ilipakwa zamani. Israfu iliyobaki kufanywa ni moja tu, nayo ni kukitupa na kununua kipya kisicho na fremu, ambacho baada ya miaka kumi kitaambiwa nacho kimepitwa na wakati. Achukiaye upotevu wa kazi hana budi kukitetea kioo cha kale, maana kuokoa kazi iliyokwisha kufanywa ni uwekevu.

Hoja ya kwanza, ile ya kutolingana, yatoka katika kosa la kufikiri kwamba kulingana ni kufanana. Kama kulingana kungekuwa kufanana, mlango wa nakshi wa Unguja ungekuwa kitu cha kuchekesha kuliko vyote duniani. Na atazame mtu nyumba za Mji Mkongwe. Ukuta ni mpana, umepakwa chokaa, hauna ua wala mstari. Katikati yake umesimama mlango uliochongwa tangu kizingiti cha juu hadi chini: minyororo, mayungiyungi, samaki, na pengine maandishi. Mafundi hawakuipaka kuta nakshi ili zifanane na mlango, wala hawakuuparuza mlango ili ufanane na ukuta. Walijua kwamba ukuta mtupu ni ukimya, na mlango ni neno. Na neno husikika kwa sababu ya ukimya unaolizunguka. Mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, na mtalii apigaye picha ya mlango huo hupiga pamoja nao ukuta mtupu unaoubeba, hata kama hajui.

Wala nakshi haikuwa ngeni katika mahali pa kuogea. Kule Kidichi, katika kisiwa cha Unguja, kuna bafu lililojengwa mwaka 1850 na Seyyid Said kwa ajili ya mkewe aliyetoka Uajemi. Ndani yake kuta zilipambwa kwa nakshi za plasta za mtindo wa Kiajemi. Hapana aliyesema wakati ule kwamba usafi wa mwili na urembo wa ukuta ni maadui. Katika nyumba za mawe za Lamu vilevile, kazi nzuri ya plasta haikuishia katika vyumba vya kupokelea wageni, bali ilifika hadi msalani, pembeni ya birika la maji. Basi yule asemaye kwamba bafu lisilo na pambo ndilo bafu la asili, na kwamba pambo ni uvamizi, ameisoma historia kutoka mwisho kwenda mwanzo.

Kuhusu kioo kikubwa chenyewe, upo ushahidi wa mtu aliyekulia miongoni mwa vioo vya namna hiyo. Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo alieleza vioo vya thamani vilivyoagizwa Ulaya, vilivyopanda kutoka karibu na sakafu hadi darini, na saa zilizowekwa juu yake na kando yake. Vyumba hivyo havikuwa vitupu, na mtu hana haja ya kuviiga. Lililo muhimu ni hili: kioo cha Ulaya kiliingia katika nyumba ya mawe ya pwani, yenye kuta nene na mashubaka, nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake, na kikapata uraia. Kilikuwa kigeni na kikubwa mno, lakini kilifanya kazi ya kuongeza nuru katika vyumba virefu na vyembamba, na kwa kazi yake kikakubaliwa. Iwapo kioo hicho kiliweza kuhamia bara jingine, kitashindwaje kuhama kutoka sebuleni kwenda bafuni?

Hapa yafaa kutaja masharti, kwa sababu utetezi usio na masharti ni ushabiki. Sharti la kwanza ni kwamba pambo liwe moja. Wako watu ambao, wakisikia kwamba kioo cha nakshi chafaa, hununua na mifereji ya rangi ya dhahabu, na taa za vishada, na vigae vya maua, na kishikio cha taulo chenye vichwa vya simba. Hao ni maadui wa kioo kuliko wale wakitoao nje, kwa maana kile kitupwacho nje chaweza kuokotwa, lakini kile kizamishwacho katika makelele hakionekani tena. Pale kioo kinapotawala, beseni liwe jeupe na la kawaida, vigae viwe vya rangi moja, mfereji uwe mnyoofu, na mlango wa kabati usiwe na mchoro. Mwanafunzi wa lugha ataitambua kanuni hii mara moja. Methali moja katika ukurasa wa nathari nyofu huangaza ukurasa wote; methali kumi katika ukurasa huo humfanya msomaji afunge kitabu.

Sharti la pili ni la kipimo. Kioo kikubwa kiwe kikubwa kwa ujasiri. Kioo cha nakshi cha kadiri ya wastani, kilichobanwa juu ya beseni kati ya kabati na taa, huonekana kama mgeni aliyekuja kuomba radhi. Kile kinachopanda mita moja na nusu, na kupewa ukuta wake peke yake, huonekana kama mwenye nyumba. Kiachiwe nafasi tupu pande zote, ili ukingo wa fremu usigusane na kitu chochote. Kama beseni liko chini yake, katikati ya kioo na katikati ya beseni ziwe katika mstari mmoja, maana katika chumba cha mistari minyoofu kosa la vidole viwili huonekana kama kosa la hatua mbili.

Mpinzani hodari atasema hapa kwamba mtu hahitaji kioo kikubwa hivyo. Naye ana elimu ya nuru upande wake: kioo kilichosimama wima chenye nusu ya kimo cha mtu, kikitundikwa mahali pake, kinatosha kumwonyesha mtu huyo mwili wake mzima, naye awe karibu au mbali. Ni kweli. Lakini kioo hakionyeshi watu tu, huonyesha chumba pia. Bafu nyingi za siku hizi ni ndogo, na nyingi zina dirisha moja dogo karibu na dari. Kioo kipana kinachotazamana na dirisha hilo, au kilicho ubavuni mwake, huirudisha nuru ya mchana katika pembe ambazo jua halifiki. Hiyo ndiyo kazi ya ukubwa wake. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye nyumba afikiri vyema kioo kitatazama nini. Kioo hakina haya: kikiwekwa mbele ya choo, kitaonyesha vyoo viwili. Kitazame dirisha, ukuta mtupu, au mlango. Kisitazame kile ambacho mtu mwenye adabu hukifunika.

Sharti la tatu ndilo jibu la hoja ya mvuke, na hapa utetezi hauna budi kukubali mengi. Nyuma ya kioo kuna utando mwembamba wa madini. Vioo vya zamani sana vilitengenezwa kwa bati na zebaki; baada ya Justus von Liebig, mkemia wa Kijerumani, kugundua mwaka 1835 njia ya kutandaza fedha juu ya kioo, fedha ilichukua polepole nafasi ya zebaki. Unyevu ukiingia kutoka ukingoni hula utando huo, na madoa meusi huanza kutambaa kuelekea katikati. Fremu nayo ina udhaifu wake. Nyingi zilizotiwa dhahabu zilipakwa kwanza chaki iliyochanganywa na gundi ya ngozi, kisha jani la dhahabu likalazwa juu. Gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Anayeifuta fremu ya namna hiyo kwa kitambaa kilicholowa hufuta dhahabu pamoja na vumbi.

Basi yapo mambo ya kufanya. Kioo kiwe mbali na bomba la mvua, kiasi kwamba matone hayakifikii. Chumba kiwe na dirisha lifungukalo au feni ya kutolea hewa. Nyuma ya fremu viwekwe vipande vidogo vya mbao au mpira, ili pabaki nafasi ya hewa kati yake na ukuta. Usafishaji uwe kwa brashi laini iliyo kavu juu ya nakshi, na kwa kitambaa kilichokamuliwa sana juu ya kioo, bila ya kunyunyizia dawa ikamiminika hadi ukingoni. Uzito pia upimwe. Kioo chenye unene wa milimita 5, kimo cha mita moja na nusu na upana wa mita moja, kina kilo 19 hivi kabla ya kuhesabu fremu. Mzigo huo hautundikwi kwa msumari uliopigwa katika plasta; hubebwa na parafujo zilizoingia katika jiwe au tofali lenyewe, na ni kazi ya fundi ajuaye.

Na ikiwa bafu ni dogo mno, halina hewa, na mvuke hulijaza kila asubuhi, basi kioo cha kale kilichotiwa dhahabu kisiwekwe humo. Vivyo hivyo kile cha zebaki, ambacho si cha kupashwa joto wala kuchezewa. Hapo fremu ya mbao ngumu iliyochongwa na kupakwa mafuta au rangi, yenye kioo kipya ndani yake, itafaa zaidi. Kukubali hivyo si kushindwa. Hukumu ya unyevu humhusu kioo huyu na chumba hiki. Haihusu nakshi yote na bafu zote. Wapinzani wamefanya hila ya kuchukua sababu ya fundi na kuivika kilemba cha falsafa. Fundi akisema, "Hapa patakiharibu," asikilizwe. Msanifu akisema, "Hapa kitaaibisha," aulizwe aibu hiyo imetoka wapi.

Maana swali hilo ndilo lililo chini ya mabishano yote haya. Katika miji ya pwani, vitu vya kale hutoka majumbani kimojakimoja: kioo, kitanda, kiti cha enzi, ubao wa mlango. Hutoka kwa sababu wenyewe wameaminishwa kuwa nyumba haiwezi kuwa ya kisasa mpaka vitu hivyo viondoke. Kisha hununuliwa, husafishwa, na huning'inizwa katika hoteli, juu ya kuta nyeupe, pembeni ya mabeseni meupe, ambako huitwa ladha ya hali ya juu. Kioo kilekile kilichoambiwa kwamba hakilingani na bafu la mwenyewe, chalingana ghafla na bafu la mgeni alipaye. Si chumba kilichobadilika, bali mwenye haki ya kusema kipi ni kizuri.

Mwacha mila ni mtumwa, husema wahenga. Na wapinzani huijibu methali hii kwa kusema kwamba kioo cha Ulaya si mila ya mtu wa pwani. Jibu lao ni dhaifu. Mila haiwi katika kitu peke yake, bali katika namna ya kukiweka. Kuweka kitu kimoja chenye kazi nyingi juu ya ukuta usio na kazi yoyote, na kukiacha kisimame, hiyo ni elimu ya pwani iliyo wazi katika kila mtaa wenye mlango wa nakshi. Anayetundika kioo kikubwa juu ya vigae vyeupe ameifuata elimu hiyo, hata kama fremu ilichongwa ng'ambo. Anayekishusha kwa hofu ya kuitwa mshamba ameitii amri ya watu wasiopata kumwona, waliomhukumu kabla hajazaliwa.

Bafu jeupe ni jambo jema, na maji yatokayo mferejini ni neema. Hakuna haja ya kuvipiga vita. Lakini usasa wa kweli hauhofii kitu kizuri kilichokuwako kabla yake. Hukipa ukuta, hukipa nuru, na hukipa hewa ya kutosha nyuma yake. Usasa uwezao kuishi tu kwa kuvifukuza vya kale haujakomaa, na aufuataye atahamisha vyombo vyake kila mara mtindo ubadilikapo, mpaka abaki na nyumba safi isiyomjua.